Adabu ya Chombo Huanzia Dikoni: Niliyoyaona Ziwa Naivasha

Mtu wa pwani akisikia habari ya ziwa la bara hucheka kidogo. Hujiambia: sisi tuliolala na mlio wa mawimbi tangu utotoni, tuliojua kujaa na kupwa kwa maji kabla ya kujua alifu na be, tutaogopa bakuli la maji lililozungukwa na milima? Nami nilikuwa na kiburi hicho hicho nilipowapeleka wapwa zangu Naivasha likizo iliyopita. Nimerudi Mombasa bila ya kiburi hicho, na nimerudi na fikira ambayo nimeona si vema kuiweka moyoni peke yangu, kwani inatuhusu sisi tulio baharini sawasawa na wale walio ziwani.

Tulifika kando ya maji saa mbili za asubuhi. Mahali penyewe ni pa watu wote, si pa hoteli. Akina mama walikuwa wakikaanga samaki, vijana wakiosha pikipiki, na mashua za kuwatembeza wageni zimepangwa ubavu kwa ubavu. Mitumbwi ya wavuvi waliokesha ilikuwa ikirudi mmoja mmoja. Njia ya kushushia vyombo ilikuwa moja tu, tena nyembamba, mteremko wa udongo uliotiwa mawe.

Mara likaja gari kubwa likivuta tela, na juu ya tela mashua nzuri ya mtambo. Mwenyewe hakushuka kuuliza zamu ni ya nani, wala hakutoa salamu. Alilirudisha gari kinyumenyume mpaka majini, akaiziba njia yote. Ndipo sasa akaanza shughuli zake: kufungua kamba, kupakia masanduku, kutafuta ufunguo, kutia mafuta. Wavuvi wakabaki majini wakingoja kiasi cha nusu saa, jua linapanda na samaki wako juani. Kisha tela likakwama matopeni, naye akahitaji watu. Wavuvi wale wale wakaingia matopeni mpaka mapajani, wakalisukuma. Mashua ilipoelea, bwana yule akatia moto mtambo, akaondoka kwa kasi. Wimbi la nyuma yake likaupiga mtumbwi uliokuwa kando, ukanywa maji, na ndoo ya samaki ikamwagika.

Nilikasirika. Lakini nahodha wetu, kijana wa miaka ishirini na kitu, alitikisa kichwa tu akaniambia, "Mzee, huyo si mtu mbaya. Hajui tu. Amezoea gati la peke yake, hajapata kungojana na mtu."

Maneno hayo ya kijana ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Tumezoea kusema kwamba ukosefu wa adabu majini ni tabia mbaya ya mtu fulani. Mimi nadai kwamba adabu ya chombo haizaliwi majini kabisa. Huzaliwa dikoni, yaani pale mahali pa kushulia na kupwelezea vyombo, ambapo tajiri na maskini hawana budi kukutana. Diko la wote likiondoka, adabu nayo huondoka, na baada yake huja ajali.

ZIWA LISILOKAA MAHALI PAMOJA

Kwanza na tulitazame ziwa lenyewe, maana mtu asiyejua hali ya maji hawezi kujua adabu yake.

Ziwa Naivasha liko katika Bonde la Ufa, karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Maji yake ni matamu, ingawa hauonekani mto wowote unaotoka ndani yake. Wataalamu husema maji hupenya chini kwa chini. Mito inayolilisha ni Malewa na Gilgil. Si ziwa la kina kirefu. Sehemu kubwa ni mita chache tu, na shimo kubwa ni lile lililo karibu na Crescent Island, ambalo asili yake ni mdomo wa volkano ya kale. Mwaka wa 1995 ziwa hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo ya majimaji yenye thamani kwa ulimwengu mzima.

Sisi pwani maji yetu yana ahadi. Hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na mwenye kuhesabu mwezi anajua bamvua lini na maji mafu lini. Ukikosa maji ya kushulia asubuhi, utayapata jioni. Ziwa Naivasha halina ahadi ya namna hiyo. Lina kujaa na kupwa kwake, lakini ni kwa miaka, tena bila ya kalenda. Katika miaka ya 1940 lilishuka sana. Mwaka wa 2009, wakati wa ukame mkubwa, watu walilia kwamba ziwa linakauka, na wengine wakalima na kujenga pale maji yalipokimbia. Haikupita miaka mingi maji yakaanza kurudi. Mwaka wa 2020 yalipanda yakaingia katika mtaa wa Kihoto na mahoteli ya kando. Mwaka wa 2025 yalipanda tena, na katika mtaa huo huo watu walihamishwa na magodoro yao kwa mashua, wakipita juu ya njia walizokuwa wakienda kwa miguu.

Naivasha haiko peke yake katika jambo hili. Baringo, Bogoria, Nakuru na Turkana nayo yamefurika. Serikali ilitoa ripoti juu ya maziwa haya mwaka wa 2021, nayo iliweka mbele mvua iliyozidi kwa sababu ya mabadiliko ya hali ya anga, pamoja na udongo unaobebwa na mito kutoka milima iliyokatwa miti.

Sasa hebu fikiri maana yake kwa mtu mwenye chombo. Aliyejenga mteremko wa saruji mwaka wa 2009 leo mteremko wake uko chini ya maji. Gati la mbao lililokuwa ufukoni limekuwa katikati ya ziwa. Tulipoondoka, kijana wetu alizima mtambo baada ya mwendo mfupi, akashika upondo, akawa anasukuma polepole na kuchungulia chini.

"Kuna nini hapa, mwanangu?" nikamwuliza.

"Mzee, hapa tunapopita palikuwa na uzio wa shamba. Nguzo na waya bado ziko. Asiyejua hupita kwa kasi, na akifika hapa panga la mtambo linakatika, au mtu anatoka nje kama jiwe la teo."

Pembeni ilisimama migunga mikubwa iliyokufa kwa kuzamishwa mizizi, minandi wamejaa juu ya matawi makavu. Huko nyuma ya migunga mna mafunjo, na ndani ya mafunjo mna viboko. Tena kuna gugumaji, mgeni aliyeonekana ziwani tangu mwaka wa 1988. Hilo halikai mahali pamoja. Upepo hulisukuma kama zulia. Asubuhi diko li wazi, adhuhuri limezibwa kabisa, na mashua iliyotoka haina pa kurudia.

Na upepo wenyewe ni somo. Asubuhi maji yametulia kama mafuta sahanini. Adhuhuri ikipita, upepo huteremka kwa ghafla na ziwa huchafuka. Wamasai hawakukosea, kwani jina Naivasha limetokana na neno lao Nai'posha, maana yake maji yenye kuchafuka. Wimbi la huko si kama letu. Letu ni refu, hukuinua na kukushusha; la huko ni fupi na la karibukaribu, hukipiga chombo kidogo kabla hakijainuka kutoka katika pigo la kwanza. Na maji ni ya baridi, kwa ajili ya ule urefu wa nchi. Waogeleaji wetu wa Forodhani wasijidanganye.

SHERIA ISIYOANDIKWA

Katika saa mbili tulizokuwa majini nilimdadisi kijana yule juu ya desturi zao, nikaona kwamba wenye kulijua ziwa wana adabu kamili, ijapokuwa hawakuiandika. Nitaitaja, maana kila moja ina sababu yake, wala si madaha.

Ya kwanza ni zamu. Chombo hutayarishwa kando: kamba, mafuta, abiria na vyakula. Mteremko si mahali pa matayarisho. Ni mlango, na mtu hasimami mlangoni. Anayerudi na samaki au na mgonjwa hupishwa kwanza.

Ya pili ni mwendo. Karibu na diko, karibu na nyavu, na karibu na mtumbwi wa kafi, mtambo hupunguzwa mpaka chombo kisiache wimbi. Mwenye nguvu ndiye mwenye kuepuka. Mashua ya mtambo huupisha mtumbwi wa makafi na chombo cha tanga, kwa kuwa yenyewe inaweza kugeuka kwa urahisi na wenzake hawawezi. Vyombo viwili vya mtambo vikikabiliana uso kwa uso, kila kimoja hupinda kulia. Hizi ndizo kanuni za bahari zote duniani, nazo hazibadiliki kwa sababu maji ni matamu.

Ya tatu ni heshima kwa wenye ziwa wasiosema. Kiboko hakaribiwi, na hasa mtu asiingie baina yake na maji ya kina, maana huko ndiko anakokimbilia akiogopa, naye hakimbii kwa kuzunguka. Mwezi wa Agosti 2018 mtalii kutoka Taiwan aliuawa na kiboko kando ya ziwa hili alipokuwa akipiga picha. Wavuvi wanaokufa kwa viboko ni wengi kuliko watalii, lakini habari zao hazifiki mbali. Furukombe naye ana mchezo wake: wenye mashua humpigia mluzi, wakamtupia samaki aliyetiwa kijiti cha funjo tumboni ili aelee, naye huteremka kumnyakua wageni wakipiga picha. Ni burudani ya kupendeza, ila kijana wetu alisema hufanywa kwa kiasi, ndege asije akasahau kuwinda.

Ya nne ni kurudi mapema, kabla upepo haujaamka. Na ya tano ni kuvutana. Ukimkuta mwenzio mtambo umezimika, humwachi, awe rafiki au adui. "Kwanza unamvuta, Mzee," aliniambia, "kumgombeza ni baadaye, mkiwa pwani."

Nilicheka niliposikia hayo, maana yalinirudisha nyumbani. Marehemu babu yangu, Mola amrehemu, alikuwa nahodha, na adabu zake zilikuwa hizi hizi kwa maneno mengine. Chombo kipya kiliposhuliwa, mwenyewe hakukishua peke yake hata angekuwa na mali ya kuajiri watu mia. Aliwaita watu wa mtaa. Ubani ulifukizwa, Fatiha ikasomwa, wali ukapikwa. Wakashika kamba wote, imamu na mchukuzi, mwenye nyumba ya ghorofa na mwenye kibanda cha makuti, chombo kikateleza juu ya magogo mpaka kikapata maji. Na nahodha hakutweka tanga kabla ya kuomba ile dua iliyomo katika Sura ya Hud, aliyoiomba Nabii Nuhu alayhi salaam walipopanda safina.

Watu wengine hudhani ile ilikuwa sherehe tu. Kwa fikira yangu ilikuwa bima. Mtu aliyeshika kamba ya chombo chako siku ya kushuliwa hakukatai siku kinapozama. Nawe uliyelishwa jasho la watu dikoni, huwezi kesho kuwapita kwa kasi ukawajaza maji mitumbwini. Chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni watu.

MAJI NI YA UMMA, NJIA SI YA UMMA

Kwa nini basi yule bwana wa tela hakuijua adabu hii? Nilizunguka barabara ya kusini ya ziwa nikaona jibu kwa macho yangu. Mwendo mrefu huoni maji. Unaona ua, geti, askari wa zamu, kisha ua mwingine. Ni mashamba ya maua yanayopelekwa Ulaya, ni mahoteli, ni majumba ya watu wenye uwezo. Kila mmoja ana gati lake. Wafanyakazi wa mashamba hayo, maelfu kwa maelfu, wanakaa Karagita, Kamere, Kihoto na kwingineko, na mahali pa umma wanapoweza kufika majini panahesabika kwa vidole: Karagita, Kamere, Tarambete na pachache penginepo.

Jambo hili lina historia. Tangu enzi za ukoloni mashamba ya masetla yalishuka mpaka ukingoni, na palikuwa na mapatano baina ya serikali na wenye mashamba juu ya ule ukanda wa ardhi unaofunikwa na kufunuliwa na maji. Ziwa lilikuwa mahali pa starehe ya wachache. Tangu mwaka wa 1937 ndege za majini za Imperial Airways zilikuwa zikitua hapo, abiria wa Nairobi wakimalizia safari kwa barabara. Mwenyeji alikuwa mtazamaji.

Leo sheria inasema vingine. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 62, imetaja waziwazi kwamba mito, maziwa na maji mengineyo ni ardhi ya umma, na vivyo hivyo ardhi iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa baharini. Kwa hiyo ziwa ni lako na langu. Lakini ziwa kuwa lako halikusaidii kitu ikiwa njia ya kulifikia si yako. Ni kama mtu aliyepewa kisima katikati ya shamba la jirani asiyemfungulia mlango.

Na ziwa linapofura mambo huzidi kutatanika. Maji yameingia katika viwanja vyenye hati. Je, mashua inayopita juu ya ua uliozama inapita ziwani au katika shamba la mtu? Kijana wetu aliniambia kuna mahali askari huwafukuza wakiwa majini. Na diko la umma linapozama, halina pa kurudi nyuma, kwa sababu nyuma yake kuna ua wa mtu. Hoteli hujenga gati jipya ndani ya kiwanja chake. Mvuvi hujibana katika ile njia moja nyembamba niliyoiona. Ndiyo maana watu hugombana pale. Pamekuwa padogo.

Dini yetu imelitangulia jambo hili kwa karne nyingi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na wanavyuoni wa fiqhi wameeleza habari ya harimu, yaani lile eneo la kando ya kisima au mto ambalo mtu halimiliki wala hajengi juu yake, kwa kuwa wenye haja ya maji wanalihitaji. Harimu si maji. Ni mahali pa kusimama mwenye kuyataka maji. Waliyajua haya watu wa jangwani, ambao mvua yao ya mwaka mzima ni haba. Sisi tuliojaaliwa bahari na maziwa tumeyasahau.

HOJA YA UPANDE WA PILI

Sitaki kumdhulumu mtu. Nilizungumza na mwenye nyumba moja ya wageni kando ya ziwa, mtu mstahiki, naye alinieleza upande wake. Alisema mahali pa umma pakifunguliwa hujaa taka. Alisema wavuvi wa magendo huingia usiku na nyavu za macho madogo wakachota vifaranga vya samaki. Alisema wenye mashua hushindana kuvuta wageni, wakapakia kupita kiasi, na ajali ikitokea jina la ziwa zima huharibika. "Mimi kwenye gati langu," alisema, "kila mtu huvaa jaketi ya kuelea, na jua halijazama vyombo vyote vimefungwa."

Kusema kweli hayo yote yapo. Samaki wa Naivasha waliwahi kupungua mpaka uvuvi ukafungwa mwaka wa 2001. Na nimeona kwa macho yangu mashua ya watu saba imebeba kumi na wawili, jaketi zimefanywa mito ya kukalia.

Lakini tazama alichokisema. Nidhamu yake yote ni ya gati lake. Akitoka nje ya gati, mgeni wake ndiye yule bwana wa tela. Taratibu nzuri zilizofungiwa ndani ya ua hazimfunzi mtu wa nje, na taabu za nje hazimfikii mtu wa ndani. Na taka ile aliyoilalamikia inatokana na nini? Watu wote wa mitaa wamesongamanishwa katika vijia vitatu vinne. Ukiwapa watu mia mlango mmoja, usishangae kizingiti kikivunjika.

SISI WA PWANI TUSICHEKE

Msomaji wa Lamu, wa Malindi, wa Kwale, usiseme hayo ni ya bara. Jiulize madiko yetu yako wapi. Mahali palipokuwa pakipwelezwa ngalawa na mashua, leo hii mara nyingi pana ukuta, na mvuvi huzunguka mwendo mrefu na mtambo begani. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka wa 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria nchini kote, na viwanja vya ufukweni vilikuwa miongoni mwake. Sisi tulisoma magazetini, tukasikitika, tukakunja gazeti.

Nasi tunajua kuliko mtu yeyote ajali hutokea wapi. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi watu wakienda kazini, wakafa watu 272. Haikuwa dhoruba, haikuwa usiku, wala haikuwa bahari kuu. Ilikuwa mahali petu pa kuvukia, si mbali na gati, chombo kimejaa kupita kiasi. Kila nyumba ya Likoni na Mtongwe ina kumbukumbu yake ya siku ile. Msiba ule ulianzia pale watu walipokuwa wakipanda, chombo kikazidiwa kabla hakijang'oka. Tangu siku ile mimi sitazami mawimbi kwanza ninapotaka kupanda chombo. Natazama jinsi watu wanavyopanda.

Sheria tunazo. Kuna Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka wa 2009, na kanuni za usalama wa vyombo vidogo zilizofuata mwaka wa 2012. Kuna Halmashauri ya Bahari ya Kenya ya kukagua vyombo, baharini na maziwani. Kuna walinzi wa pwani walioanzishwa mwaka wa 2018, ambao kazi yao hufika mpaka maji ya bara. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Anayebaki dikoni ni jirani. Jirani ndiye atakayekwambia, "Bwana, chombo chako kimezidi, mshushe mmoja." Na jirani hakwambii neno kama hamjuani.

LA KUFANYA

Kwanza, kwa kuwa ziwa halikai mahali pamoja, madiko ya umma nayo yasijengwe kama kwamba litakaa. Gati la kuelea, lenye kupanda na kushuka pamoja na maji, lafaa kuliko saruji. Na kila diko la umma lipimiwe ardhi ya nyuma yake, ili maji yakisogea nalo lisogee, na yakirudi lirudi.

Pili, vijia vya zamani vya kufikia maji vichunguzwe na vifunguliwe. Siwaombi wenye mashamba kuzigawa mali zao. Nawaomba harimu tu.

Tatu, wenye mahoteli, wavuvi, wauzaji wa samaki na wenye mashua za kutembeza wageni wawe na baraza moja. Kamati za fuo za wavuvi zipo kwa mujibu wa sheria, lakini mwenye hoteli huziona ni za wavuvi, na mvuvi huona mambo ya utalii ni ya hoteli. Zamu ya kushua, mwendo karibu na nyavu, saa ya kurudi, bei ya kutembeza mgeni: hayo waamue pamoja, na yaandikwe kwenye ubao mkubwa pale pale dikoni kwa Kiswahili. Mwenye kuja na tela ausome ubao kabla ya kuteremsha gurudumu majini.

Nne, nasi wa pwani tuyahesabu madiko yetu kabla hayajatuhesabu yenyewe kuwa tumekwisha. Wazee wanayajua kwa majina. Kila mtaa uandike lake, upeleke kwa tume ya ardhi na kwa serikali ya kaunti, lipimwe na lisajiliwe kwa jina la umma. Mzee akifa na jina la diko hufa, na jina likifa ukuta huja.

Mtume wetu alitupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wakapiga kura, baadhi yao wakapata juu na baadhi wakapata chini. Wa chini walipotaka maji iliwabidi wapite kwa wa juu. Wakaona wasiwaudhi, bora watoboe tundu katika fungu lao wenyewe. Wakiachwa wafanye watakavyo, wataangamia wote; wakizuiwa, wataokoka wote. Kwa muda mrefu nilidhani mfano huo ni wa kuwaonya wale wa chini tu. Siku ile Naivasha, nilipoitazama ile njia moja ya udongo na wale wavuvi waliokuwa wakingoja majini, niliuona pia upande wake wa pili. Wa juu nao wana jukumu la kuacha njia wazi, ili mwenye kiu asifikirie kutoboa.

Mwenyezi Mungu atuafikie tuyahifadhi maji yetu na njia zake, ya chumvi na ya matamu. Amin.